Blanketi Moja, Walioathirika Wanne

Jumatatu, 3 Februari

Baridi kali. Mlango wa gari umeganda, nimeingilia upande wa abiria.

Wendell Pokorny amepata hundi nyingine. Jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, fundi bomba mstaafu, hana haya. Alinivizia kwenye masanduku ya barua akaipunga mbele ya pua yangu. Dola kumi na moja na senti arobaini, eti kampuni fulani ya samaki wa makopo ilipunja uzito. Eti hii ni ya saba tangu kiangazi. Eti nchi hii pesa zimelala tu zinamngoja mtu wa kujaza fomu. Akaniuliza mimi nimepata ngapi mpaka sasa. Nikasema mimi sihesabu. Akacheka mpaka akakohoa.

Kweli sihesabu. Hakuna cha kuhesabu.

Alasiri. Nimepata! Kampuni ya Dunmarrow, watengenezaji wa mablanketi ya umeme, ilishtakiwa na wateja wake wote kwa pamoja. Mablanketi yanapoa yenyewe katikati ya usingizi. Kampuni imekubali kulipa bila kukubali kosa. Na mimi ninalo! Liko kitandani hivi sasa! La watu wawili, vidhibiti viwili vya joto, kimoja kila upande. Marlys alilinunua miaka minane iliyopita, kabla hajaniacha na kuhamia Arizona. Alisema anafuata jua. Aliondoka na kikaango cha chuma, cherehani na gari zuri.

Kusema ukweli, mimi halijanipoza hata siku moja. Lakini fomu haiulizi hivyo. Fomu inauliza idadi ya watumiaji walioathirika katika kaya. Dola ishirini na mbili kila mmoja.

Nikaandika: wanne.

Jumanne, 4 Februari

Usingizi haukuja vizuri. Wanne ni akina nani?

Mimi, mmoja. Marlys, wawili. Shemeji Duane, ambaye Sikukuu ya Shukrani moja alilijifunika akalala kwetu mchana kutwa baada ya kula bata mzinga peke yake: watatu. Wa nne sijampata. Atapatikana.

Nimepiga namba ya msimamizi wa madai kuuliza kama fomu imefika. Nilitarajia mashine. Akapokea mtu! Anaitwa Rochelle. Fomu imefika, akasema. Kisha akaniuliza hali ya hewa ikoje huku Cedar Rapids. Nikamweleza. Nimeendesha gari la jiji la kusukuma theluji miaka ishirini na tisa, kwa hiyo nilikuwa na mengi ya kueleza. Dakika kumi na nne! Mtu wa mwisho kuniuliza habari zangu alikuwa daktari wa meno, naye alikuwa ameshika koleo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepiga kila siku. Jumatano niliuliza hundi huja katika bahasha ya rangi gani. Jana niliuliza kama mtu aliyehama bado ni wa kaya. Leo nilikosa swali, nikauliza tena lile la bahasha.

Rochelle hachoki. Aliniuliza nyumbani tuko wangapi. Nikasema wanne.

Akasema, "Lo, Bwana Hruska, basi nyumba imechangamka hiyo."

Nikasema we acha tu, kelele mwanzo mwisho. Nikanyoosha mkono nikafungulia redio ili asikie.

Baada ya kukata simu niliiacha redio iendelee kidogo.

Jumatano, 12 Februari

Balaa! Barua kutoka kwa msimamizi wa madai. Wanataka saini ya kila mtumiaji aliyeathirika. Hilo ningelitatua, nina kalamu za rangi tatu. Lakini aya ya pili! Blanketi lenye namba ile ile ya kiwandani niliyoijaza limekwisha kudaiwa. Dai liliingia wiki tatu kabla ya langu. Lina risiti. Limetoka Mesa, Arizona.

Marlys!

Nimempigia hapo hapo. Miezi mitano hatujazungumza. Nikamuuliza kwa sauti ya kiungwana kwa nini ananiibia blanketi langu.

"Lako?" akasema. "Delbert, hilo blanketi nililinunua mimi, kwa pesa yangu ya kushona mapazia. Risiti ninayo mpaka leo."

Nikasema lakini liko kitandani kwangu. Akasema ndiyo, alikusudia kuliacha. Nikamuuliza kwenye fomu yake ameandika walioathirika wangapi.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja? Na mimi je? Mimi si nililala humo humo?"

"Wewe ulipata baridi lini? Miaka thelathini na moja sijawahi kukusikia ukisema unaona baridi. Mimi nilikuwa natetemeka, wewe unakoroma."

Kisha akaniuliza mimi nimeandika wangapi. Nikasema mlango unagongwa. Nikakata. Hakuna aliyegonga.

Nimeisoma barua tena. Kuna njia. Madai yakigongana, anayetaka kupinga alete shahidi asiye ndugu, aliyeshuhudia kwa macho yake blanketi likipoa. Nina siku kumi. Napinga! Si suala la pesa tena. Mtu hawezi kuandikwa kwamba hakuwepo.

Alhamisi, 13 Februari

Asiye ndugu. Nimepitia daftari la namba za simu kuanzia A. Wengine wamekufa. Wengine sikumbuki ni nani. Kuna "Ray, ngazi". Nilimpigia Ray wa ngazi. Namba haipo tena.

Amebaki Wendell.

Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake, bakuli la uji wa shayiri mkononi. Akasema kwanza yeye hasemi uongo kwenye fomu, ni suala la heshima ya kazi. Nikamkumbusha madai ya poda ya watoto. Hana mtoto. Akasema hiyo ilikuwa tofauti. Anataka nusu ya malipo, chakula cha mchana, na alione blanketi likipoa kweli. Hasaini kitu ambacho hajalalia.

Tumepatana kesho saa nane mchana.

Ijumaa, 14 Februari

Nimetambua baadaye kwamba leo ni Siku ya Wapendanao. Wendell hakusema kitu, nami sikusema.

Nilipika supu nzito ya maharage na nyama, pamoja na mikate ya mdalasini, kama tulivyokuwa tunapewa shuleni. Alikula mabakuli matatu. Alileta kolachi, maandazi ya Kicheki yenye plamu, katika boksi, akala mwenyewe nne. Kisha tukaenda chumbani kama watu wanaokwenda kwa daktari. Tukavua viatu. Nikampa upande wa Marlys, kwa kuwa wangu umeshika umbo langu. Tukalala chali, kofia kichwani, mikono kifuani, kila mtu na kidhibiti chake.

Tukangoja lipoe.

Dakika ishirini. Mimi nilikuwa naiva kama kiazi cha kuoka. Na kidhibiti changu kiko namba tatu tu! Nikamwambia Wendell pole kaka, safari hii tumekwama, blanketi ni zima kabisa, itabidi tujifanye.

"Zima?" akasema. "Del, mimi nakufa huku!"

Nikamwambia aongeze.

"Niongeze wapi? Niko kumi! Limepasha moto dakika tano likazima. Shika mguu wangu. Hebu shika, wewe mtu!"

Nikashika. Barafu.

Tukabadilishana kidhibiti. Tukachomoa, tukachomeka. Tukageuza blanketi, kichwani pakawa miguuni, ubaya ukahamia kwangu. Nilikaa katika upande ule dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Kwanza joto kidogo, la kukudanganya uvue soksi. Halafu tiki. Halafu baridi, na mbaya zaidi ni kwamba unasikia joto la mwenzako kwa jirani, halikufikii.

Wendell alifurahi sana. Ushahidi! Akataka kalamu pale pale. Akasema kwa hili hata kiapo angekula, tena kanisani.

Nikamwambia ngoja kwanza.

Alisema, "Vipi tena? Ulilolitaka si hili?"

Nikasema nimeshiba vibaya. Kisha, ajabu, akajifunika upya akalala usingizi, upande wenye joto, mpaka saa kumi na moja. Anakoroma kama mashine ya kukata nyasi. Sikumwamsha.

Jumamosi, 15 Februari

Theluji. Nimesafisha njia yangu. Nimesafisha na ya Wendell, kwa bahati mbaya, nilikuwa nawaza.

Majira sita ya baridi Marlys aliniambia upande wake unazima. Nilimwambia avae soksi. Nilimwambia damu yake ni nyepesi, familia yao yote ndivyo walivyo. Mara moja alinishika mkono akauweka upande wake niusikie. Nilisema nina kazi alfajiri, nikageuka.

Jumapili, 16 Februari

Nimempigia Marlys baada ya ibada, ya kwake si yangu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Karatasi ikateleza nyuma ya jiko.

Nikamweleza theluji ilivyo. Nikamweleza Wendell amenenepa. Akasubiri. Akasema, "Delbert, umepiga kusema nini?"

"Upande wako haufanyi kazi."

Nilisikia feni yake. Februari, na feni!

"Najua," akasema.

"Unazima wenyewe. Nimelala hapo. Nilidhani unatia chumvi."

"Najua ulichodhani."

Hakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipobanwa. Ukali ningeujibu. Kuna neno moja la kusema hapo, pole, herufi nne, nilikuwa nalo tayari kwenye ulimi. Nikamuuliza mayai huko Arizona yamefika bei gani.

Akaniambia bei ya mayai. Akaniambia nijitunze. Akakata.

Jumanne, 18 Februari

Jana ofisi zilifungwa, sikukuu. Leo nimempigia Rochelle saa mbili kamili nikasema naondoa dai.

Wendell haamini. Amegonga ukuta mara mbili. Anasema mtu mwenye shahidi, mwenye ushahidi, halafu anajitoa, huyo anahitaji kupimwa. Anasema bado namdai... hapana, yeye ananidai nusu. Nusu ya nini, sijui.

Rochelle alisema lazima aandike sababu. Nikasema aliyeathirika ni mmoja tu, naye alihama. Nikasikia anachapa. Akauliza taratibu, "Na wale wengine watatu, Bwana Hruska?"

Nikasema hawana neno, wako salama, wanakusalimia.

Hakucheka. Akasema nami niwape salamu zake, mmoja mmoja. Nadhani alijua. Nadhani alijua tangu siku ya redio.

Kisha akasema faili limefungwa na sina haja ya kupiga tena. Nikauliza kama naweza kupiga kesho kuhakikisha limefungwa. Akasema limefungwa, anaangalia kwenye skrini sasa hivi. Akanitakia maisha mema. Maisha! Si siku njema. Dakika nne tu.

Alhamisi, 20 Februari

Mambo mazuri! Sijui kwa nini nilipoteza wakati na mablanketi.

Kuna kampuni ya biskuti za mbwa. Biskuti ziliandikwa zina nyama ya kondoo, kumbe ni mahindi matupu. Wateja wote pamoja, kesi imekwisha, wanalipa! Risiti haihitajiki. Saini za watumiaji hazihitajiki, nimesoma mara mbili, na hata wakizihitaji, nani ataleta saini ya mbwa? Dola kumi na tano kila mbwa.

Sijawahi kufuga mbwa. Marlys walikuwa wanampigisha chafya. Lakini fomu haiulizi hivyo.

Safari hii nimekuwa mwangalifu, sikuandika wanne. Nimeandika watatu. Fomu haitaki majina ila niliona ni vizuri kuwa nayo tayari, nikakaa nayo hadi chakula cha jioni. Mkubwa ni Gus, mkaidi, anavuta kamba. Wa pili jike, Trixie, anabweka mtu wa posta akipita. Mdogo bado sijamjulia tabia. Namwonea huruma, anapenda kulala mlangoni penye upepo, nimemwambia asogee.

Swali la mwisho lilikuwa kama mbwa hao bado wanaishi nami.

Nimeandika: ndiyo, wote.