Balozi Aiwekea Matisi Vikwazo

Nyuma ya stendi ya boda pale Matisi kuna benchi ambalo limemaliza vita vyote vya dunia, lakini mtaro unaonuka mbele yake umelishinda. Nilifika kuchukua chai, nikakuta redio imetoka kutangaza kwamba Amerika imeiongezea India ushuru kwa sababu inanunua mafuta ya Urusi.

"Upuzi!" Muturi akasimama. Tunamwita Balozi kwa sababu aliwahi kwenda Kampala, harusini. "Ati rafiki yako akuchagulie duka? Huyo si rafiki, huyo ni nyapara!"

"Lakini si wanasema ni wandani?" akauliza Nasir, tunayemwita Bomba. Anauza dizeli kwa mitungi ng'ambo ya barabara.

"Wandani gani, bana? Ningekuwa waziri wa India ningemwambia, mzee, chungulia sufuria yako!"

"Wewe? Juzi chifu alikuita, ukaenda ukiwa umevua kofia tangu sokoni."

Benchi zima likacheka. Balozi akajifanya anapangusa kiatu.

Hapo Nekoye akafika na mtungi wa dizeli. Mahindi yake yako nyumbani kwake kule Kwanza, yamelundikwa uwanjani chini ya turubai lenye matundu, na Balozi alikuwa ameahidi kumpelekea mashine yake ya kupukuchua.

"Balozi, Mlima Elgon umefunga mawingu, mvua inakuja. Mahindi yakilowa yataota, na watoto wangu hawali miche. Dizeli ndiyo hii. Twende."

Balozi akautazama mtungi kama nyoka. "Umenunua wapi?"

"Kwa Bomba."

"Na mimi nauza dizeli nyumbani!"

"Yako unachanganya na mafuta taa. Kwa jirani yangu Gladwell mashine yako ilikohoa mpaka ikalala."

"Basi mashine yangu haitoki. Siwezi kusaidia mtu anayetajirisha mshindani wangu. Urafiki uko na masharti."

Tukatazamana. Bomba akaweka kikombe chini polepole. "Samahani, mheshimiwa. Sasa hapo anaongea India ama Amerika?"

"Usichanganye mambo! Hii ni usalama wa mashine!"

Nekoye akatoa simu. "Kipketer? Trekta iko wapi? Pitia Matisi. Dizeli iko, na kuku wawili wako jikoni."

"Kipketer!" Balozi akapaaza sauti. "Yule tumekosana mpaka kanisani! Nekoye, nakuwekea vikwazo! Mashine yangu haitakanyaga kwako tena!"

"Kwani imewahi kukanyaga?"

Trekta ikafika ikivuta mashine. Vijana wawili wa Balozi, wale humimina mahindi kwa mashine yake, wakainuka na kupanda.

"Nyinyi! Mnaenda wapi?"

"Balozi, mwenye mahindi ndiye hulisha watu wa kazi," mmoja akajibu. "Leo wewe unalisha nani?"

Bomba naye akapanda. Mimi nikashika chai yangu na kutazama Balozi akibaki na benchi lote peke yake. Akakaa. Akasimama. Trekta ilipoanza kunguruma, akaikimbilia huku ameshika suruali.

"Ngojeni! Ngojeni, bana!"

"Unakuja kufanya kazi?" Nekoye akamuuliza kutoka juu ya trekta.

"Kazi hapana. Nakuja kama mwangalizi."

Nekoye akamrushia gunia tupu usoni. "Panda. Waangalizi wangu hushikilia gunia likijazwa, na hula mwisho."

Akapanda.