Malalamiko ya Mtazamaji Dhidi ya Chupa za Maji

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utafiti wa Bahari,

Mimi ndiye mtazamaji wa nyangumi katika meli yako. Miaka kumi na tisa nimekaa juu ya paa la chumba cha nahodha, darubini shingoni, nikimsaka yule nyangumi mwenye mdomo mrefu, anayezama saa nzima na kuibuka dakika mbili tu. Nimemwona mara mbili. Mara ya pili alikuwa tairi.

Kwa heshima na taadhima, nazilalamikia chupa za maji.

1. Mtaalamu wa maabara, binti aliye rika la kitinda mimba wangu, hushusha chupa baharini, akachuja maji, akasoma vinasaba vya ngozi na kamasi alivyoacha mnyama akipita. Juzi alitoka na karatasi: "Mzee, nyangumi wako alipita hapa asubuhi." Asubuhi hiyo nilikuwa palepale, macho yamenitoka pima! Mabaharia walicheka mpaka mpishi akaunguza maharage.

2. Mnyama huyu amejificha makusudi. Mtu akiwa hataki wageni, si adabu kumchunguza kamasi ili kujua kama yupo nyumbani.

3. Habari zimemfikia mke wangu. Siku hizi nikimwambia nilikuwa kwa kaka, anakiinua kikombe changu cha chai na kukitazama. Mashine ya kusoma vinasaba hana, lakini nimeanza kukiosha mara tatu.

4. Tukinyamaza, kesho chupa itataka kiti changu, keshokutwa kofia yangu, na mtondo itapandishwa cheo mimi nikiitazama.

Hivyo naomba zipigwe marufuku, au angalau zipangiwe zamu juani kama mimi, bila mwavuli.

Nisalimie katibu wako, mlinzi wa getini, na yeyote anayeulizia kama bado nipo.

Ni mimi, mwenye macho mekundu,
Mtazamaji

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, binti alipanda ngazi mbiombio. "Mzee, maji ya sasa hivi yamejaa alama zake! Kaa kushoto, usipepese." Nikakaa. Nyangumi akaibuka, na mtoto ubavuni, karibu hata nikazisikia pumzi zao. Nililia mpaka darubini ikafanya ukungu, binti akanishika bega na kuandika saa alipoonekana kwa niaba yangu. Tafadhali ichane barua hii. Chupa zimebaki nne; tuletee mia mbili.