Sifuri Niliyompa Mwende

Leo mimi nimepatikana. Na si kupatikana kwa chini kwa chini. Nimepatikana ukumbini, mchana kweupe, mbele ya wazazi wote wa kidato cha tatu, nikiwa nimevaa tai.

Kwa wasionijua, nafundisha fizikia katika shule moja ya kutwa hapa Kitengela. Jina la shule sitaji, nahitaji kazi. Wanafunzi wananiita Sir. Nikigeuka wananiita Sheria. (Najua. Mwalimu hujua majina yake yote, huwa anajifanya tu hasikii.) Jina hilo lilitokana na karatasi niliyobandika kwenye ukuta wa maabara mwaka wangu wa kwanza. Ukichelewa dakika tano, unasikiliza somo ukiwa dirishani. Kazi iliyoletwa kesho yake haisahihishwi. Jibu bila kipimo, kama vile sekunde au mita, unapata nusu alama. Na ya mwisho, niliyoiandika kwa wino mwekundu: anayepika matokeo anapata sifuri kwa jaribio zima, na hagusi vifaa tena mpaka muhula uishe.

Kupika ni kuandika namba ambayo hukuipima. Mimi nachukia mpishi wa matokeo kuliko mtu anayenidai. Nimewahi kuongea juu ya wapishi kwa kipindi kizima, dakika arobaini, bila kumeza mate. Kumbukeni hivyo mkisoma yanayofuata, maana mimi nimekumbushwa leo.

Wiki tatu zilizopita tulifanya mtihani wa vitendo. Jaribio lenyewe ni rahisi. Unafunga jiwe dogo kwenye uzi wa mita moja, unalining'iniza, unalivuta kando kidogo, unaliachilia. Likienda na kurudi, hiyo ni moja. Unahesabu ishirini na kuona saa inasema sekunde ngapi. Kama desturi ya mitihani yetu, mwalimu hulifanya yeye kwanza, siku moja kabla, peke yake. Matokeo ya mwalimu ndiyo yanayotumika kusahihisha. Ukiwa karibu na yangu, unapata alama. Ukiwa mbali, pole.

Yangu ilikuwa 38.1. Nilipoitumia kutafuta nguvu ya mvuto wa dunia nikapata karibu 10.9. Vitabu vyote vinasema 9.8. (Nililaumu upepo wa Kitengela. Madirisha ya maabara yalikuwa yamefungwa.)

Wanafunzi ni arobaini na wawili. Arobaini na mmoja waliniletea 38 na kitu. Nilisahihisha nikitabasamu, nikajiambia kazi yangu inaonekana. Kisha nikafika kwa karatasi ya Mwende.

Mwende ni wa tatu darasani kwa nadharia. Tangu kidato cha kwanza anasema anataka kuwa mpimaji wa ardhi. Hapa kwetu ploti zinakatwa kila siku, na ameona wale watu na mitambo yao ya miguu mitatu akawapenda. Karatasi yake ilikuwa na 40.0 imekatwa, 40.2 imekatwa, 40.1 imekatwa, tena 40.1, tena 40.2, tena 40.1. Mara sita. Chini kabisa akaandika 40.1 na kupiga mstari mara mbili. Mimi nikaona nini? Nikaona sufuria jikoni. Nikaandika UMEPIKA kwa herufi kubwa, nikaweka sifuri.

Alikuja ofisi ya walimu mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Sir, naomba uniangalie nikirudia." Nikamwambia sheria ni sheria. Mara ya pili sikuinua hata kichwa. Majaribio yote yaliyofuata alikaa nyuma bila vifaa, akinakili maandishi ya kitabu wakati wenzake wanapima.

Sasa, shule yetu ina mpango wake. Mwanafunzi asiyefika alama hamsini kwenye fizikia anaondolewa kwenye somo kabla ya usajili wa mtihani wa kitaifa, ili asitushushie wastani. Jaribio lile lina alama arobaini kati ya mia, na kwa sifuri yangu Mwende alibaki na arobaini na sita. Leo ilikuwa siku ya wazazi, na mama yake aliitwa kusaini fomu ya kumtoa.

Mimi nilijiandaa kama bwana harusi. Kila somo lina meza yake ukumbini, na kwenye meza yangu niliweka stendi, uzi wa mita moja, jiwe na saa ya maabara, ili wazazi waone tunavyofanya kazi. Madam Naibu wetu, naibu wa mwalimu mkuu, mama mkali asiye na maneno mengi, alikuwa amesimama karibu kuhakikisha fomu zinasainiwa.

Mama Mwende alifika saa tano na viatu vimejaa vumbi jeupe. Anafanya kazi machimbo ya mawe, kwenye lango. Yeye ndiye karani anayehesabu mawe yanayopakiwa kwa lori. Alikaa, Mwende akasimama nyuma yake na mikono mgongoni.

"Mwalimu, habari ya kazi."

"Nzuri, mama. Fomu ni hii. Ni kusaini hapo chini tu."

Hakushika kalamu. Alisoma fomu yote, mpaka nyuma palipo tupu.

"Hapa mmeandika amepika. Amepika nini?"

Nikamweleza. Nikaongeza sauti kidogo ili wazazi waliokuwa kwenye foleni wafaidike. (Hiyo ndiyo iliyoniua. Ningeongea kawaida, leo tungekuwa wanne tu tunajua.) Nikasema namba ya Mwende haiwezekani, kwamba jiwe halina upendeleo, na kwamba fizikia haijali wewe ni mtoto wa nani.

"Mimi huyu mtoto namjua," akasema mama. "Hata akivunja kikombe ananipigia simu kazini. Nionyeshe."

Nani alinituma kukubali? Hakuna. Nilikubali mwenyewe, kwa furaha. Nikamwomba Madam Naibu ashike saa. Wazazi wakasogea. Nikakunja mikono ya shati, nikalivuta jiwe kando, nikaliachilia na kuanza kuhesabu kwa sauti ya mhubiri.

"Moja!"

Likaenda, likarudi. "Mbili." Likaenda, likarudi. "Tatu." Mpaka ishirini.

"Thelathini na nane nukta moja," akasema Madam Naibu.

Mnaona? Niliwauliza hivyo hivyo, mnaona? Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mzazi mmoja, Baba Sharon, alipiga makofi mawili. Binti yake Sharon ndiye kiranja wa darasa na alikuwa amepata alama zote za jaribio hilo. Nikamsukumia Mama Mwende kalamu.

Hakuichukua. Alikuwa anaangalia jiwe bado.

"Mwalimu, mimi niko na swali moja tu. Ulisema moja lini?"

"Nilipoliachilia."

"Lakini ilikuwa bado haijaenda."

"Samahani?"

"Kwa lango yetu lori ikiingia tupu, mimi sisemi moja. Nasema moja jiwe ikishapanda. Nikisema moja na lori iko tupu, hiyo mawe ya mwisho itakuwa hewa. Watu watanifuta kazi. Wewe umesema moja na haijaenda mahali."

Nikafungua mdomo kumjibu. Nina shahada, jamani. Nina miaka kumi na moja darasani. Na hapo nikaelewa. Ukisema moja wakati unaliachilia jiwe, ukifika ishirini limeenda na kurudi mara kumi na tisa tu. Kosa hilo liko kwenye kila kitabu cha mwongozo. Mimi mwenyewe hulikataza kidato cha pili.

"Turudie," akasema Madam Naibu. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Safari hii Mama Mwende ndiye aliyehesabu. Nikaliachilia jiwe, akanyamaza. Likaenda, likarudi, ndipo akasema moja. Kufika tano wazazi walikuwa wamejiunga. Kufika kumi ukumbi mzima ulikuwa unahesabu, hata meza ya Kiswahili, hata meza ya Dini. Mimi nilisimama hapo nimeshika stendi isianguke. Watu hao waliposema ishirini, walisema kwa nguvu mpaka mpishi wa shule akachungulia mlangoni.

"Arobaini nukta moja," akasema Madam Naibu.

Nikachukua kikokotoo kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kushika. Mvuto wa dunia ukatoka 9.8.

"Mama Mwende," nikaanza, "inaonekana kulikuwa na hitilafu kidogo." (Hitilafu. Utadhani ni stima imepotea, taa zikazima.)

"Ya nani?"

"Yangu."

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nikamwambia Mwende pole, nikachukua fomu niikunje. Basi Baba Sharon akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Kama jibu ni arobaini, huyu wangu alipata thelathini na nane namna gani? Alihesabu nini?"

Swali zuri. Sikuwa nimelifikia bado. Watu arobaini na mmoja hawawezi kukosea pamoja kwa namna moja, kwa namba moja, kosa la mwalimu wao. Wote tukamgeukia Sharon. Sharon akaangalia dari.

"Sharon," akasema Madam Naibu.

"Ilikuwa kwa board, Madam."

Nilikumbuka. Siku ile ya jaribio langu niliandika 38.1 kwenye pembe ya ubao nikipiga hesabu, kisha nikafuta. Lakini kifutio chetu ni kipande cha blanketi, kinasambaza tu chaki. Darasa zima liliingia asubuhi, likaiona, likapika. Nami nikawapa alama zote. Niliyempa sifuri kwa kupika ndiye peke yake aliyepima.

"Na wewe Mwende hukuiona?" Madam Naibu akauliza.

"Niliiona." Alikuwa anaongea polepole na hakuniangalia. "Lakini yangu ilikataa kufika hapo. Ndiyo nikarudia mara sita. Nilidhani ni mkono yangu iko na shida."

Nimewahi kuaibika. Nimewahi kufundisha kipindi kizima zipu ikiwa wazi. Hii haikuwa hiyo. Hii iliniuma mahali pengine, na sikuweza hata kujichekea. Nikamwambia Mwende alama zake zote arobaini zinarudi leo, kwamba wenzake wakifutiwa za kupika atakuwa wa kwanza darasani, na fomu hii tunaichana sasa hivi.

"Usiichane, Sir."

"Lakini wewe ndiye ulikuwa sawa."

"Najua. Nilikuwa najua hata siku ile." Sasa akaniangalia. "Naenda Jiografia. Mwalimu wa huko alisema naweza kuanza Jumatatu."

"Na kupima ardhi? Bila fizikia hawatakuchukua, Mwende."

"Nimeambiwa."

Mama yake akageuka, akamuuliza kitu kwa Kikamba. Mwende akajibu kwa neno moja. Mama akauliza tena, taratibu zaidi, na Mwende akajibu neno lile lile. Nilimwangalia Madam Naibu aniokoe. Madam Naibu akaangalia saa ya maabara, ambayo ilikuwa imesimama kwenye 40.1.

"Mimi sitamlazimisha kukaa mahali hasikizwi," akasema Mama Mwende. "Nipe kalamu."

Nikampa. Nilitaka kusema kitu kikubwa, kilichotoka ni "asante, mama". Alisaini kwa mwandiko safi wa mtu anayesaini makaratasi ya lori kutwa, akaandika tarehe, akaandika na saa. Wakatoka pamoja. Baba Sharon alibaki mezani kwangu akiuliza kama themanini na saba ya Sharon bado ni themanini na saba. Nilimwambia arudi kesho.

Chakula cha mchana sikula. Nilienda maabara nikaibandua ile karatasi ukutani. Ilikuwa imegandamana na rangi, ikatoka na kipande cha ukuta.

Saa nane na nusu nilikuwa na kipindi na hao arobaini na mmoja. Waliingia kimya kama watu waliokuja matangani. Hakuna aliyekaa kwenye stuli ya Mwende. Nilisimama mbele yao na kusema ukweli wote, kwamba nilihesabu vibaya, kwamba wao walipika, kwamba nimemwonea mwenzao na sasa ameondoka kwa sababu yangu, na kidogo kwa sababu yao. Wengine waliinamisha vichwa. Nikasema alama zao zote zimefutwa, na kesho tunarudia jaribio. Kila mtu na uzi wake, kila mtu na jiwe lake. Nikawauliza kama kuna swali.

Sharon akainua mkono, kwa heshima kabisa.

"Sir, kwa hivyo sasa ile sawa tunaandika ni ngapi? Ni arobaini nukta moja?"

Naomba asinicheke mtu. Nilikuwa nimeshageuka, na chaki ilikuwa imeshagusa ubao.