Mwanao na Brashi ya Waya

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi hapa wazima, isipokuwa vyuma. Nakuandikia kwa adabu zote kumshtaki mwanao wa tatu, ambaye ni mume wangu, kwa kuwa wewe ndiye uliyemzaa na hana mwingine anayemwogopa.

Tangu astaafu ukarani alikaa kimya miezi miwili. Kisha akanunua brashi ya waya. Yaliyotupata ni haya:

1. Alianza na geti. Lilikuwa na kutu kidogo kwa chini, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia alisugue, kosa ambalo nalikiri. Akakwangua rangi ya kijani, akakuta ya bluu. Chini ya bluu, nyekundu. Siku ya nne akafika kwenye chuma chenyewe, akaniita nikitazame kama mtu aliyepata mtoto. Jumapili dada yangu alikuja kututembelea, akapita geti letu mara tatu asilitambue, akarudi kwake.

2. Siki yote imekwisha. Ameimimina kwenye sufuria yangu kubwa na kuloweka humo bawaba, makomeo na nati. Mgeni mmoja alifunua akidhani ni mchuzi. Nilipofika alikuwa ameshapakua.

3. Kitanda amekifungua chote. Wiki ya pili sasa tunalalia godoro sakafuni, na boliti kumi na sita zimepangwa dirishani kwa ukubwa. Nimekatazwa kuzigusa.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mwanao wa kwanza aliacha baiskeli yake hapa. Mdogo wake akaikwangua bila ruhusa mpaka ikang'aa. Shemeji alipoifuata aliisifu sana, akauliza ni ya nani, halafu akauliza yake iko wapi. Alipoambiwa ni hiyo hiyo, akakataa. Alisema yake ilikuwa nyeusi na yenye heshima. Hawasemezani, na baiskeli imesimama sebuleni haina mwenyewe.

5. Jana alinishika mkono, nikafurahi. Kumbe anakagua bangili.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, umwite kwako mwezi mmoja, au miwili. Ukiwa na chuma unachokipenda, kifiche kabla hajafika.

Nisalimie wifi zangu wote, na jirani yako mwenye kisima, na yeyote atakayekusomea barua hii bila kucheka.

Mimi mkaza mwanao, mwenye subira iliyobaki ya kukwangua tu.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha ameniita uani. Ile cherehani ya marehemu mama yangu, iliyoganda kwa kutu miaka tisa, ameifungua, ameisugua, ameitia mafuta. Nikakanyaga pedali. Ikaenda. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, uso umejaa vumbi jekundu. Tafadhali usimwite. Kama umeshamwita kabla ya kusomewa nyongeza hii, mwambie umeghairi. Nami nimeanza kukwangua nondo za dirisha la jikoni, na rangi inabanduka vizuri mno. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe brashi mbili, moja iwe ndogo, ya kunitosha mkononi.