Tundu la Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Nimemkosea jirani yangu, fundi cherehani wa chumba cha nne. Kwa vitendo bado, lakini moyoni nimeshamkosea.
Keshokutwa anakuja bwana wa serikali kutathmini ile sheria ya wapangaji imefika wapi tangu mwaka jana. Mikataba ipo? Wenye nyumba wanakarabati? Atakagua chumba kimoja tu. Tumepiga kura, kimechaguliwa cha fundi. Bati lake lina tundu, mvua inadondokea cherehani. Nikasema hata kwangu kunavuja. Mama wa chumba cha pili akanijibu, "Kwako dari inatoa jasho tu, shemeji, tulia." Wakacheka.
Fundi anajishonea shati la kupigia picha. Mifuko miwili. Roho imeniuma.

Jumanne, 4 Machi
Fundi kaenda kupeleka sare za shule. Nikapanda juu na kopo la lami. Kazi yangu ni kupaka rangi, hiyo kwangu ni ya dakika kumi. Tundu nimeliziba.
Nikashuka, nikaimwagia dari yangu ndoo nzima ya maji ya kufulia. Mke wangu akauliza kama nimerogwa.

Jumatano, 5 Machi
Bwana kafika na mvua yake. Beseni la fundi la kukingia matone, kavu. Fundi anaapa kwamba kunavuja, huku kaangalia juu kama kuku anayekunywa maji.
Nikamvuta bwana kwangu. Akagusa dari, akanusa kidole, akauliza mvua ya huku ina sabuni? Akaandika kwamba ukarabati unafanyika, sheria inafuatwa. Tulitaka mabati mapya vyumba vyote sita. Ndiyo basi.

Alhamisi, 6 Machi
Wapangaji wanamwita fundi mwongo. Anaamini mwenye nyumba ndiye aliyeziba, na kaenda kumshukuru. Kampa lile shati. Leo mzee mwenye nyumba kapita uani nalo, mifuko miwili kifuani. Lami yangu, jasho langu, shati kavaa yeye!

Ijumaa, 7 Machi
Mama wa chumba cha pili kaenda ofisini kwa yule bwana kulalamika. Bwana atarudi Jumatatu. Nimemweleza mke wangu yote. Kasema nikamwombe fundi msamaha mbele ya watu.
Nina njia bora. Kesho Jumamosi, kabla ya adhuhuri, napanda kulifungua tundu la fundi, lirudi vilevile lilivyokuwa. Haki yake ni haki yake.
Na kwa kuwa nitakuwa huko huko juu na nyundo, natoboa na langu. Kubwa kidogo kuliko lake.