Kuhusu Ile Gari Ndogo ya Buluu Isiyokwama

Kivaa, Masinga
Jumapili, baada ya misa

Kwa Mkwe wangu Bwana Musili,
Kiwandani, Mavoko.

Nakala: Katekista Mwanzia (asome, asitangaze).

KUH: KUKATAA GARI YAKO KWA HESHIMA

Mkwe wangu mheshimiwa,

Pokea salamu nzito kama gunia la pojo. Huku tuko salama, punda ako salama, na mimi pia niko salama isipokuwa kwa hili jambo la gari yako.

Jumatano ulinipigia simu ukaniuliza kwa upole kwa nini siku ile ulikuja kututembelea nilisimama na fimbo mbele ya mlango wa gari, nikakataza Kaluki mke wangu asiingie, na hali daktari wa macho kule Matuu amempa nafasi ya kupasuliwa Alhamisi hii. Nilikata simu. Sikukata kwa ubaya. Jibu langu lilikuwa refu na simu ni kitu kifupi. Kwa hivyo naandika, tena kwa mkono wangu mwenyewe, maana nilifika darasa la nne na mwalimu alisema herufi zangu zimesimama kama askari. Nasoma kwa sauti kila neno ninaloandika ili lisinitoroke. Ukiona wino umemwagika, hapo nilikuwa nafikiri.

Usidhani sijui magari. Miaka kumi na moja nilikuwa taniboi wa lori la mchanga, kutoka huku mpaka Thika. Hiyo barabara naijua yote, ingawa naijua kinyume, kwa sababu nilikaa juu ya mzigo nikiangalia nyuma. Dereva alikuwa anaona mambo yanayokuja. Mimi nilikuwa naona yale tumeponea.

Gari yako nimeipima kwa haki. Nianze na uzuri, mimi si mtu wa chuki. Ni ndogo na inapita kwa njia ya mbuzi. Hainywi mafuta sana, ulivyosema, na umesoma, siwezi kubisha. Tumbo lake liko juu, mawe hayaligusi. Tena inavuta na magurudumu yote manne, na ule mchanga wa mto wetu, ambapo pikapu ya jirani yangu Maundu hulala kila wiki, wewe ulivuka kama mtu anavuka sebule. Niliona. Lakini punda wangu pia anavuta kwa miguu minne tangu azaliwe, na hakuna mtu amewahi kumpigia makofi.

Sasa malalamiko.

1. Gari isiyokwama haina ujirani. Pikapu ya Maundu ikikwama, wanaume kumi wanatoka mashambani kusukuma. Hapo ndipo tunajua nani ameoza binti, nani ng'ombe wake amezaa, nani amerudi kanisani. Mimi mwenyewe nilisikia habari ya mahari ya Kalekye binti yangu nikiwa nasukuma bampa. Wewe ulipita tukabaki tumekunja mikono ya shati, hatuna kazi. Maundu alisema, "Huyu mkwe wako ana haraka ya wapi?" Nikakunjua mikono ya shati nikaenda nyumbani.

2. Ndani ya gari kuna mwanamke. Ulipowasha, alisema maneno mengi kwa lugha ya Kijapani, kwa sauti ya upole kabisa. Mimi nilivua kofia. Ukaniambia ni mashine tu. Sawa. Lakini Kalekye anamjua? Mwanamke anayemsalimia mume wa binti yangu kila asubuhi kabla ya binti yangu, lazima nijulishwe anasema nini.

3. Sasa tuingie kwa shina lenyewe. Nyinyi wa Mavoko mmesahau nthoni, ile haya ya wakwe. Mkwe na mama mkwe hawakai karibu. Hawali sahani moja, na wakikutana njiani kila mtu anaingia kichaka chake mpaka haya ipite. Hii si sheria yangu, niliikuta. Niliingia kwa gari yako wakati ulikuwa unakunywa uji, nikapima kwa fimbo kutoka kiti chako mpaka kiti cha nyuma. Ni fimbo moja kasoro vidole vitatu! Kwa fimbo moja kasoro vidole vitatu mtu anasikia mwenzake akimeza mate. Lori langu lilikuwa na nthoni ya kutosha: dereva mbele, mama mkwe wake nyuma kabisa juu ya magunia, na mimi katikati kama ukuta.

4. Ubaya zaidi ni kile kioo kidogo cha ndani. Hata Kaluki akijibana kwa kona, wewe ukiinua macho unakutana na uso wake. Utasema Kaluki haoni, kwa hivyo hakuna kosa. Nimefikiria hiyo pia, usinidharau. Wakati wa kwenda haoni, ni kweli, haya yake iko salama. Lakini wakati wa kurudi ameshapasuliwa! Anaona! Yaani mtaenda wasafi na kurudi wakosaji, kwa gari ile ile, kwa siku ile ile. Daktari hawezi kutibu hiyo.

5. Na ule mkanda wa kiti. Nani atamfunga? Mkono wa nani?

6. Kuna mila ya kufungua nthoni. Mkwe analeta mbuzi, wazee wanachinja, wanakula, haya inaisha na mkwe anaweza hata kumshika mama mkwe mkono wakivuka mto. Hiyo mbuzi mimi sijaiona kwa boma yangu. Sikudai. Nasema tu sijaiona.

7. Tena kwa nini haraka hivi ya macho? Mimi ndiye macho ya Kaluki, huu ni mwaka wa pili. Kila asubuhi tukinywa chai namweleza boma yake yote, pembe moja baada ya nyingine. Namwambia matuta hayajabomoka, geti limesimama, nyumba yake inang'aa buluu na madirisha meupe. Anafurahi. Ni mzee gani mwingine wa Kivaa anafanya kazi hii? Ni kweli mwezi uliopita alishika sufuria ya moto akaungua kiganja. Ni kweli mchele anachagua kwa vidole na mawe mengine yanampita, na mimi nimetafuna mawe bila kulalamika mpaka jino moja likaenda. Na Ijumaa aliniomba nisogee apapase uso wangu, eti anataka kujua kama nimezeeka. Nilimwambia hapana, sijazeeka. Lakini haya ni ya nyumba yangu, sijui kwa nini nimeyaandika.

Kwa hivyo natoa mapendekezo. La kwanza, uuze hiyo gari ununue lori. Kama Kalekye hataki lori, basi ufunge mkokoteni wangu nyuma ya gari kwa kamba ya mita kumi. Kaluki atakaa kwa mkokoteni juu ya godoro, na mimi nitasimama hapo nikiangalia nyuma, kazi ninayoijua. Wewe utaendesha pole pole mpaka Matuu na kile kioo umekigeuza kiangalie paa. Kama polisi watauliza, waambie ni mila. Na kama hiyo pia ni ngumu, nitamwandikia Chifu, na Chifu awaandikie hao watu wa Japani, kwamba gari zinazokuja Ukambani zirefushwe kwa fimbo tano, na katikati wajenge ukuta wa matofali. Wakiweza kutengeneza mwanamke wa kusalimia watu, ukuta hauwezi kuwashinda.

Kama hakuna lolote litawezekana, basi macho yangoje mwaka ujao.

Msalimie Kalekye binti yangu. Salimia wajukuu mmoja mmoja, usiwasalimie kwa jumla, wanajua. Salimia wenzako wa kiwandani ambao sijawaona na hata yule mama wa ndani ya gari, kwa heshima.

Ni mimi baba mkwe wako asiyeyumba,
Mzee Ndolo Kimanzi

Nimesahau kidogo:

Kaluki alikuwa amekaa nyuma yangu wakati wote nikisoma. Amecheka mpaka akashika mbavu. Anasema mbuzi ya nthoni uliileta ule mwaka wa ubatizo wa mjukuu wa kwanza, dume jeusi lenye pembe iliyovunjika, na kwamba aliyelila ni mimi, na kichwa, na supu, nikabeba na mguu mmoja. Nimekumbuka. Lilikuwa tamu. Anasema Alhamisi ataingia kwa hiyo gari hata kama itabidi akae mbele, na kwamba mkanda anajua kufunga mwenyewe. Basi njoo. Njoo mapema, kabla ya jua.

Hii ya mwisho naiandika bila kusoma kwa sauti.

Musili, nyumba haina rangi. Wewe umeiona, na Kalekye ameiona. Wakati macho yalianza kufifia, Kaluki alitamani ipakwe buluu kabla hajawa gizani kabisa, na mimi nikachelewa, halafu nikamwambia nimepaka. Baadaye nikaongeza madirisha. Na geti pia, halipo. Gari yako iko na buti kubwa, hilo sikuliandika kwa uzuri wake na ni kosa langu. Weka madebe mawili ya rangi ya buluu, ile ile ya gari, imenipendeza, na dogo la nyeupe, na brashi mbili, moja ya Maundu. Kalekye alale na mama yake huko Matuu. Wewe mwambie daktari asitoe ile bandeji mpaka Jumamosi jioni. Na mkirudi, endesha pole pole. Kwenye mchanga, kama inawezekana, kwama.

Sasa ananiuliza mbona kalamu inatembea na mdomo umenyamaza. Nimemwambia natia sahihi.