Posa ya Tabora na Kipanya Mgongoni kwa Sadiki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, asitiriye aibu za waja wake, na ajuaye pia ni siku gani mja fulani aachwe wazi kidogo ili ajifunze.

Leo nimeumbuka.

Nimeumbuka mbele ya ukoo mzima wa Tabora, mchumba mmoja wa Kicukiro, na dereva wa pikipiki ambaye hata jina lake silijui. Nimesali, nimekunywa maji, nimesali tena. Nawaandikia mwenyewe, ndugu zangu, kabla jirani yangu Sadiki hajawasimulia kwa namna yake.

Mnajua kwamba marehemu mdogo wangu aliacha binti, Shadia, na kwamba mimi ndiye walii wake. Kinywa cha kusema ndiyo siku ya kuozwa kwake nimeachiwa mimi. Basi Shadia amepata mchumba. Anaitwa Idrisa, fundi wa majokofu pale Kicukiro, kijana wa swala. Wazazi wake wako Tabora, na baba yake, Mzee Mrisho, magoti hayamruhusu kusafiri. Tukakubaliana posa ifanyike kwa video, leo baada ya alasiri, kwenye laptopu ya Shadia.

Jana tulifanya majaribio dukani kwangu hapa Muhima, Kigali, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mimi na laptopu hatuelewani. Chini ya vitufe pana kile kibao laini unachokigusa kwa kidole ili mshale utembee kwenye kioo. Sasa mikono ya kanzu yangu ni mipana (nimeishona mwenyewe, simlaumu mtu). Kila nilipoinua mkono kusalimu, kanzu ilifagia kibao, na mshale ukaruka ulikotaka. Mama yake Idrisa nilimkatia simu mara mbili katikati ya salamu.

Shadia akasema dawa ni kukizima hicho kibao. Akashikilia kitufe kimoja cha pembeni, na kwa kidole kingine akabonyeza kile chenye picha ya kibao kilichopigwa mstari. Kibao kikafa. Akanichomekea kipanya chenye waya. Nikakisukuma juu ya meza, mshale ukanifuata kama kondoo. Nikajiona msomi, hata nikawasomesha Tabora hukumu za ndoa.

Leo Shadia hakuwapo. Kwa desturi, msichana anayeposwa hufichwa mpaka aitwe, kwa hiyo alikuwa nyumba ya pili na shangazi zake. Simu yake, yenye namba zote za Tabora, shangazi walikuwa wameizima asije akachungulia. Sebuleni tukabaki watatu: mimi, mke wangu Hadija, na Sadiki, ambaye tunasali safu moja tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi. Hadija aliondoa kitambaa juu ya meza yetu ya kioo ili wageni wakione hicho kioo. (Wageni wako Tabora. Sikubisha. Nina miaka mingi katika ndoa.)

Wasiokaa Kigali niwaeleze jambo moja. Hapa siku ya gusaba, yaani siku ya kuposa, mzee wa upande wa msichana hasemi ndiyo upesi. Kwanza anakana. Anasema msichana hayupo, au ameshaolewa, au nyinyi hatuwajui. Wageni wanabembeleza, wazee wanakwenda kando kama wanaoshauriana, watu wanacheka, na mwisho binti anatolewa kwa vigelegele. Hata sisi Waislamu wa hapa tumeizoea. Na mimi, Mungu anisamehe, naipenda mno. Nimeshawatoa jasho wakwe wengi.

Hadija alinionya tangu asubuhi. "Mzee, watu ya Tabora hawajui hiyo mchezo. Wewe sema ndiyo, tule."

Nikamwambia nitawaeleza baadaye.

Shadia alikuwa ameshatuunganisha na Tabora kabla ya kwenda kufichwa, na saa ilipofika Sadiki akafungua kwa dua. Kule Tabora walikuwa wamejaa mkekani, kanzu nyeupe, kina mama nyuma, watoto mbele. Mzee Mrisho akaniomba binti kwa maneno mazuri ambayo sijawahi kuyasikia. Alimtaja hata marehemu mdogo wangu kwa jina, akamwombea rehema. Mtu mwenye akili angelia na kusema ndiyo.

Mimi nikakohoa. Nikarekebisha kofia. Nikasema, "Hapa hatuna msichana wa kuozwa. Rudini salama."

Kule mkekani wakatazamana. Nikafurahi. (Nilifurahi! Nayaandika haya ili Mungu aone kwamba sifichi.)

Sasa, hapo ndipo wazee husimama wakaenda kando kushauriana. Lakini ningekwenda wapi, na laptopu iko mezani inatutazama? Nikaona adabu ni kuirudisha kama mtu anavyorudisha mlango. Nikaifunika. Tukanywa chai. Sadiki akasema nimekana vizuri kuliko mwaka ule wa binti yake, nikamwongezea sukari.

Tulipomaliza chai nikaifunua. Giza. Nikaandika neno la siri kama nilivyofundishwa, mwanga ukarudi, lakini Tabora haikurudi. Uso wa Mzee Mrisho haupo. Mkeka haupo. Nilikuwa nimewaambia watu wale warudi salama, kisha nikawafungia mlango usoni.

Hapo hapo laptopu ikaanza kuita. Ni wao. Kwenye kioo kukatokea duara la kijani la kupokea na duara jekundu la kukataa. Nikashika kipanya, nikasukuma. Mshale haukutikisika. Nikasukuma kulia, kushoto, nikakipigapiga. Umesimama tu. Nikageukia kile kibao cha kugusa. Kimekufa, nimekiua mwenyewe. Nikakumbuka kitufe chenye picha, nikakibonyeza, nikakibonyeza tena kwa bismillahi. Hakuna.

"Iko inaita," akasema Hadija.

"Nasikia."

"Sasa jibu."

Simu ikakatika. Ikaita mara ya pili, ikakatika. Sadiki akashauri tumwite Shadia. Nikakataa, desturi hairuhusu (kiburi nacho kilikuwepo, kimekaa pale pale kati yangu na Hadija). Ikaita mara ya tatu. Nilikuwa nimesimama, kipanya mkononi, jasho likitiririka, na katika kuhangaika kikanitoka. Nikakidaka kwa paja. Na mshale ukaruka!

Subhanallah. Kumbe kipanya kile hakipendi meza ya kioo. Kinataka kitu chenye nyuzi, kama fundi cherehani mwenyewe. Jana kilikuwa juu ya kitambaa, leo tumekiweka juu ya meza ya kujivunia.

Mtu mwingine angetandika kitambaa mezani, mambo yakaisha. Mimi ni fundi wa nguo. Akili yangu iliniambia kitu kimoja tu: nguo lazima iwe imevutika. Kanzu pajani ilikuwa imelegea, ina mikunjo, na mshale unayumba. Nikatazama huku na huku nikitafuta kitambaa kilichovutika, nikamwona Sadiki amevaa koti lake la sufu. Mgongo mpana, mshono wangu mwenyewe, hauna hata kunjo moja.

Nikamwambia anachoambiwa kila mteja wangu. "Inama, pumua, usicheke."

Sadiki akainama mbele ya meza. Nikaweka kipanya katikati ya mabega yake, simu ikaita mara ya nne, nikasukuma. Mshale ukatembea vizuri, ukakaribia kijani. Sadiki akacheka. Bega likapanda, mshale ukateleza, kidole kikabonyeza.

Jekundu.

Ndugu zangu! Sasa nilikuwa nimekataa kweli. Kwa mdomo nimekataa, kwa mlango nimekataa, na sasa kwa kitufe. Hadija alikaa chini, akajifunika mtandio usoni. Nikamwona marehemu mdogo wangu machoni pangu.

Laptopu ikakaa kimya muda mrefu. Nilidhani yameisha. Kisha ikaita mara ya tano.

Safari hii Sadiki hakucheka. Nadhani alikuwa anasali. Nikasukuma kipanya polepole, nikavuka mshono wa kati, nikafika kwenye kijani, nikabonyeza. Tabora ikafunguka. Na wakati huo huo mlango wa sebule nao ukafunguka, akaingia Idrisa kutoka Kicukiro, kofia ngumu ya pikipiki ingali kichwani, macho mekundu. Nyuma yake akaja mwenye pikipiki, anataka kofia yake.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyoonekana, Tabora na mlangoni kwa pamoja: walii wa binti, mstahiwa wa safu ya kwanza, nimempanda Sadiki nusu mgongo, namsugua kwa kipanya.

Dereva alisahau kofia yake.

Idrisa ndiye aliyeanza. "Shikamoo baba. Mama amenipigia analia. Nimekosa nini?"

Kabla sijajibu, Shadia akaingia. Alikuwa amemwona Idrisa dirishani akikimbia, na michezo yangu ya kukana anaijua. Desturi yote ikawa imekwisha. Hakumtazama Idrisa, alinitazama mimi. "Baba Mkubwa, umewaambia sipo?"

Nimesoma vitabu vya dini tangu utoto. Nimesimamia posa nyingi. Mbele ya swali lile nikajikuta narekebisha kofia tu. Mzee Mrisho akaongea kutoka kwenye laptopu, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Shehe, jana kwenye majaribio ulitufundisha kwamba katika ndoa mzaha nao huhesabiwa kuwa kweli. Tukakusikiliza. Sasa tushike lipi, yale maneno yako au mgongo wa huyo bwana?"

Nikaeleza. Nikaeleza gusaba, kibao, kioo, chai, jekundu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Sadiki, ambaye bado alikuwa ameinama kwa sababu sikumwambia anyooke, akasema kwa sauti ya chini, "Sema tu yupo."

Nikaweka kipanya chini. Nikamshika Shadia mkono, nikamleta mbele ya laptopu, nikasema, "Yupo. Ni binti wa ndugu yangu, na mimi nimekubali. Sina mzaha hata punje."

Mzee Mrisho akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema kina mama wa nyuma hawajasikia, nirudie tena. Nikarudia. Niliporudia mara ya nne nikaona mabega yake yanatikisika, na nikajua kwamba Tabora nao wana michezo yao. Vigelegele vikapigwa pande zote mbili, hata dereva akapiga makofi.

Baadaye Shadia aliinama, akashikilia kitufe cha pembeni, akabonyeza chenye picha. Kibao kikafufuka. Vitufe ni vile vile viwili vya kuzimia, nami nilikuwa nabonyeza kimoja. Alinipiga begani tu, kama mtu anavyompa pole mgonjwa.

Nawaomba msinicheke. Mkishindwa, chekeni mbali na msikiti, na kesho mkinikuta niulizeni habari za afya tu.

Mwenyezi Mungu ambariki kila aliyesoma mpaka hapa, amsitiri nyumbani kwake, na binti zenu awajaalie wakwe wenye subira ya kupiga simu mara ya tano. Amina.